Barnabas Thrupp, Mkaguzi wa Uzio Asiye na Shamba

Ndugu Barnabas Thrupp amestaafu Mei mosi mwaka huu wa 1671, baada ya kukagua uzio wa mji wetu wa Ashcombe kwa miaka ishirini na sita kamili. Alichaguliwa Mei mosi 1645, na tangu hapo hakukosa kazini hata msimu mmoja. Mwaka 1658 alivunjika mguu, tukadhani tutapumua walau wiki tatu. Wapi! Alipakiwa kwenye toroli la mhunzi, akasukumwa kuzunguka shamba lote, akikagua huku amekaa.

Wazee saba wa mji wameniomba mimi, Ezra Whitlow, karani wao, niandike maneno ya kumuaga. Yatasomwa Alhamisi hii baada ya mhadhara wa mchungaji, kabla watu hawajalikimbilia pipa la pombe ya tufaha, kisha yatabaki katika kitabu cha mji. Nilikubali haraka, maana mimi ni mtu wa kupekuapekua. Mke wangu Mercy husema ningezaliwa kuku ningechakura hadi upande wa pili wa dunia. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Nilianza Januari, na yaliyonipata njiani nitayaeleza, ingawa hayanipi sifa.

Kwanza kazi yenyewe, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma haya na kushangaa tulimuagaje mtu kwa heshima zote hizi kwa sababu ya uzio. Shamba kubwa la mji lina wenye hisa thelathini na wawili na uzio mmoja. Kila mwenye hisa anatunza kipande chake cha uzio kulingana na ekari alizo nazo ndani. Sheria ni futi nne na nusu kwenda juu, mbao zikaribiane kiasi kwamba nguruwe asipitishe kichwa, na Mei mosi kila kipande kiwe kimesimama. Mmoja akizembea, ng'ombe hawaulizi pengo ni la nani. Wanaingia, wanakula ngano ya wote. Kwa hiyo mji unahitaji mtu mmoja asiyeona haya kumwambia jirani yake kwamba uzio wake ni aibu, na amwambie hivyo kila mwaka, mpaka mmoja wao afe.

Ndugu Thrupp hakuanza maisha na uzio. Alizaliwa Wiltshire, Uingereza, akafundishwa kufuma sufu. Biashara ya nguo ilipoanguka kule, akaenda bandari ya Bristol, na tarehe 20 Machi 1636 akaweka alama yake kwenye karatasi: miaka saba ya kazi kwa Bwana Gideon Haskett, naye Bwana Haskett amlipie nauli, chakula na mavazi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Kwa kila mtumishi aliyemvusha bahari, Bwana Haskett alipewa ekari hamsini za ardhi mpya. Niliwahi kumuuliza Thrupp aliionaje hesabu hiyo.

"Niliona nina thamani," alisema. "Tangu hapo sijawahi tena kufikia ekari hamsini."

Ashcombe ilianza mwaka 1640. Baraza Kuu la koloni lilitupa ruhusa kwa masharti: tufikishe familia thelathini, tujenge nyumba ya mikutano, tumweke mchungaji na tumlishe. Tukishindwa, ruhusa inarudi ilikotoka nasi tunatawanyika. Mwanzoni tuliishi kwa kuwauzia wageni. Kila meli ilileta watu wenye njaa, nasi tulikuwa na ng'ombe na mahindi. Vita vilipoanza Uingereza, meli zikaacha kuleta watu, na ng'ombe aliyekuwa na bei ya nyumba akawa na bei ya kofia. Tulikaa mwaka mzima tukitazamana. Kilichotuokoa ni mbao za mapipa na nyama ya nguruwe ya chumvi, ambavyo hupelekwa visiwa vya sukari. Huko, watu walioletwa kwa pingu hukata miwa tangu alfajiri na hawaachiwi hata kipande cha ardhi wapande chakula chao. Sisi tunapeleka nyama, molasi inarudi. Thrupp huitia molasi hiyo kwenye ugali wake, na kila akionja husema neno lilelile: ni tamu, ila asingependa kukutana macho kwa macho na aliyeikata. Mimi hula yangu kimya.

Basi mji ukajaa nguruwe, na mji wenye nguruwe wengi ni mji unaomhitaji mkaguzi wa uzio. Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha mwaka 1648. Mchungaji wetu wa wakati ule, marehemu Bwana Fairbrother, alitangaza kwamba anahama, kwa kuwa ngano aliyoahidiwa imeliwa na ng'ombe na yeye hawezi kuhubiri kwa tumbo tupu. Mji ulitetemeka. Bila mchungaji, Baraza Kuu lingetufuta. Thrupp akazunguka uzio wote siku nzima kulitafuta pengo walimopita, akalipata, akarudi anakuna kichwa. Pengo lilikuwa katika kipande cha mchungaji mwenyewe. Kwetu "Bwana" ni watu wanne tu, wengine wote ni "Ndugu", na Ndugu hamwambii Bwana jambo kama hilo hivi hivi. Thrupp alimngojea mlangoni mwa nyumba ya mikutano Jumapili asubuhi, kofia mkononi.

"Bwana Mchungaji, nimempata mwizi wa ngano yako."

"Ni nani huyo?"

"Uzio wako. Umelala kama Mkristo aliyeridhika."

Mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu kwa saa tatu na hakuhama. Alibaki nasi mpaka kifo chake.

Kisa cha pili hakichekeshi sana, lakini bila hicho Thrupp nisingemjua. Ukipanda mto mwendo wa saa moja, kuna kijiji cha Wanipmuc, wenyeji wa nchi hii, ambacho kiongozi wake ni mwanamke, Sokanon. Wanawake wa pale hupanda mahindi, maharage na maboga kwenye shamba moja, matuta kwa matuta, na hawaweki uzio. Mwaka 1652 nguruwe wa Bwana Haskett waliingia humo wakala nusu ya shamba. Sokanon akashuka mwenyewe, akasimama mbele ya wazee wa mji akiwa na magunzi yaliyotafunwa ndani ya kikapu. Bwana Haskett hakunyanyuka kitini.

"Waweke uzio," alisema. "Kila mtu mstaarabu ana uzio."

Wazee wakamtuma Thrupp akaangalie. Alikaa kule siku mbili. Aliporudi, alizungumza maneno machache kuliko yote niliyowahi kuyaandika katika kitabu hiki: "Mahindi yalikuwepo kabla ya nguruwe. Nguruwe ni wetu. Uzio ni wetu." Bwana Haskett alimkumbusha kwamba aliwahi kula mkate wake miaka saba. Thrupp akajibu kwamba anakumbuka, na kwamba mkate ulikuwa mgumu. Mji ukatoa watu wanane kwa siku kumi na moja kuzungusha uzio shamba lile, na kila mwaka tangu hapo Thrupp amewapeleka watu kule kuutengeneza, wakiwemo wanaonung'unika, nikiwemo mimi.

Ni katika kazi hiyo nilipomuuliza Sokanon kwa nini watu wake hawakuwahi kuweka uzio. Anakijua Kiingereza chetu vizuri kuliko baadhi ya watu waliotoka Bristol.

"Uzio wa nini?" alisema. "Kulungu akiingia shambani, tunamla."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe nikimla mnakuja na bunduki. Wewe karani, unaulizaga maswali kama mtoto."

Ni kweli, ninauliza. Mwaka 1640 kaka yake mkubwa aliweka alama kwenye karatasi ya kutupa ardhi hii, kwa makoti, majembe na masufuria, na aliyeandika nakala ni mimi. Mpaka leo sijui yeye alidhani anatuuzia au anatukaribisha. Nimemuuliza Sokanon mara nyingi. Hunitazama, kisha huendelea na kazi yake. Thrupp aliniambia niache kuuliza kama sina nia ya kufanya lolote na jibu. Niliacha kwa muda.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mtu huyu aliyekagua mashamba ya wote kwa miaka ishirini na sita hakuwa na shamba. Mwaka 1643 wenye hisa walikubaliana kuigawa ardhi ya shamba kubwa kwa kila mwanamume aliyekuwa huru kabla mwaka ule kwisha. Jina la Thrupp halikuwemo kwenye orodha. Ilisemekana mkataba wake uliisha mwaka 1644, amechelewa, pole. Asiye na hisa hapigi kura kuhusu ardhi, wala hapewi ardhi inapogawanywa tena. Thrupp husoma Biblia iliyopigwa chapa bila shida, lakini mwandiko wa mkono haujui. Akakubali alichoambiwa na karani.

Akaoa, Patience wake, mwanamke mcheshi aliyeweza kuiga sauti ya mtu yeyote mjini hapa. Wakaishi katika chumba kilicho nyuma ya kinu. Patience alifariki mwaka 1659. Tangu hapo Thrupp amebaki na chumba kile kwa sababu tu ni mkaguzi. Chumba ni cha mji, na mkaguzi mpya ana haki nacho. Asiye na shamba wala jamaa, akizeeka, mji wetu humzungusha. Mwezi huu analala kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, na kila nyumba humpa pembe iliyo mbali na moto. Thrupp aliwaona wengi wakizungushwa hivyo, na lilikuwa jambo pekee nililowahi kumsikia akiliogopa.

"Mwezi kwa mhunzi, sawa," aliniambia Desemba iliyopita. "Mwezi kwako, nitavumilia mapishi ya Mercy. Zamu ya Haskett ikifika, Ezra, nitakufa kwa makusudi."

Tulicheka. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, hakuweza tena kuzunguka uzio, na wote wawili tulijua kwamba Mei inakuja.

Mwezi Januari nikafungua sanduku la karatasi za zamani ili nipate tarehe zake sahihi. Nikaupata mkataba wa Bristol. Miaka saba tangu tarehe 20 Machi 1636. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa maharage mezani, nikamwita Mercy naye akahesabu. Mwaka wetu, kama kila Mwingereza ajuavyo, huanza tarehe 25 Machi, kwa hiyo tarehe 20 Machi bado ni mwisho wa mwaka. Lakini mwezi wote wa Machi tunauita mwezi wa kwanza, jambo ambalo sijui ni nani alilibuni, na ningependa kumwona. Miaka saba ya Thrupp iliisha tarehe 20 Machi 1643, siku tano kabla mwaka ule haujaisha. Alikuwa huru. Alikuwa na haki. Kijana fulani aliyekuwa na haraka na maringo ya kalamu mpya aliona neno Machi, mwezi wa kwanza, akili yake ikaruka hadi mwaka unaofuata, akaandika 1644. Mwandiko niliutambua mara moja. Herufi zina mikia mirefu, kama ninavyoziandika mpaka leo.

Sikulala vizuri wiki ile. Mercy alisema, "Kamwambie, kabla hujaanza kujitafutia sababu." Nilikuwa nimeshaanza.

Nikamkuta chumbani kwake adhuhuri, anakula ugali.

"Ndugu Thrupp, nina jambo."

"Kama ni uzio wako upande wa kijito, nimeshauona. Umelala."

"Siyo huo. Ni mkataba wako." Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudia tarehe mara mbili, nikataja mwezi wa kwanza na mwezi wa mwisho mpaka mwenyewe nikapotea. Lakini yeye alielewa mapema kuliko nilivyotaka. Akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo nilikuwa na shamba."

"Ulikuwa nalo."

"Patience alipokuwa hai."

"Ndiyo."

"Alitaka bustani ya kabichi," alisema. "Kila majira ya kuchipua alikuwa anaitaja hiyo bustani. Mimi nikamwambia sheria ni sheria."

Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Alinitazama, na sikuona huruma usoni pake, wala sikustahili.

"Usinililie kwenye ugali," akasema hatimaye. "Ni kipande kipi?"

Nilikuwa nimeshaangalia. Kura za vipande zilipopigwa, vilikatwa vipande thelathini na vitatu kwa watu thelathini na wawili, na hakuna aliyejiuliza kwa nini kilibaki kimoja. Kipande cha thelathini na tatu ni ekari sita kando ya kijito, udongo mweusi. Kwa miaka ishirini na saba kimekuwa malisho ya nguruwe wa Bwana Haskett, ambaye alikitumia kwa sababu hakuna aliyemkataza.

"Aah," alisema Thrupp. "Hao."

Habari hupanda mto haraka kuliko samaki. Kabla ya mkutano wa mji, Sokanon alikuja sokoni na vikapu vya kuuza, akanisimamisha.

"Nimesikia mmempotezea shamba Thrupp. Kwa kukosea siku tano."

"Ndiyo. Ni kosa langu."

"Siku tano!" Akacheka mpaka vikapu vikatikisika. "Letu mlilichukua kwa siku moja."

Aliendelea na safari yake. Nilirudi nyumbani na kikapu nilichokuwa nimekinunua kwake. Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu yalisemwa.

Mkutano ulifanyika tarehe 13 Machi, siku ambayo, naandika kwa uangalifu sasa, ilikuwa bado mwaka 1670. Nyumba ya mikutano ilijaa mpaka kwenye ngazi. Nikasimama nikasoma mkataba, nikaonyesha kosa, nikataja jina la mkosaji. Kulikuwa na kicheko kidogo. Bwana Haskett, ambaye sasa ana miaka sabini na sauti yake haijazeeka, akasimama.

"Namheshimu Thrupp," alisema. "Lakini mkifungua orodha moja mmefungua zote. Leo siku tano, kesho mtu ataleta wiki tano, kesho kutwa mjukuu wa mtu ataleta babu yake. Tutagawa mpaka makaburi. Orodha ndiyo mji. Hatuna kingine."

Nitakuwa mkweli, hoja ilikuwa nzito. Niliona vichwa vikiitikia. Kisha mtu nyuma akapaza sauti, nayo ilinichoma kuliko hoja.

"Aliyekosea ni karani! Atoe shamba lake yeye!"

Hilo nililiogopa tangu Januari. Nina ekari nane na watoto sita. Nikasema kwamba mkutano ukikataa kumpa Thrupp kipande chake mwenyewe, basi wachukue nusu ya changu, ila wakumbuke kwamba hapo wamemlipa kwa ardhi isiyo yake kwa kuwa waliogopa kumrudishia iliyo yake. Kisha nikakaa chini. Mercy hakusema nami mpaka Jumamosi, na Jumamosi aliniambia tu kwamba ningekuwa na adabu ningemuuliza kwanza.

Thrupp hakuruhusiwa kupiga kura wala kuzungumza bila kuitwa. Alikaa kwenye benchi lake karibu na mlango, kwenye baridi, pale wanapokaa wasio na hisa, mikono juu ya magoti. Kofia ikazungushwa. Kwetu punje ya hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, na kila mtu huingiza ngumi iliyofungwa ili jirani asione. Nilimkodolea macho Bwana Haskett alipofikiwa na kofia. Aliishika muda mrefu kuliko wengine wote. Akaingiza ngumi, akaitoa, akapitisha kofia bila kumtazama mtu.

Nikamwaga mezani. Hindi kumi na tisa, haragwe kumi na tatu.

Sijui Bwana Haskett aliweka nini. Nimewaza usiku na mchana. Jioni ile Mercy alichukua kura zote akazichemsha pamoja zikawa makande, maana chakula hakitupwi, na mimi nikala kila punje nikijiuliza ipi ni yake. Ninachojua ni kwamba mlangoni alimsimamisha Thrupp.

"Nguruwe wangu wamezoea pale. Watakusumbua."

"Waje tu, Bwana," alisema Thrupp. "Watanikuta nyumbani."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba ya mikutano, peke yake, akakaa huko muda mrefu. Hakuna aliyemfuata. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, naye akasema upepo ni mkali, nasi tukakubali kwamba upepo ni mkali.

Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Aprili aliishi kwenye ekari zake sita. Mvua ikinyesha, yuko. Theluji ya mwisho ikidondoka, yuko. Watu kumi na wawili walikwenda kumkatia mbao na kumjengea kibanda chenye bomba la moshi, na baadhi yao, nina hakika, walikuwa watu wa maharage. Uzio alisema atausimamisha mwenyewe. Alichimba mashimo ya nguzo kwa magoti yale yaliyokwisha, shimo moja, mapumziko, shimo la pili. Niliomba nimsaidie. Aliniambia niende nikatengeneze wangu upande wa kijito.

Mei mosi ikafika, siku yake ya mwisho kazini na siku ya kwanza ya mkaguzi mpya, Ndugu Micah Dunnock, yule mhunzi mwenye toroli. Dunnock ni mtu mkubwa wa mwili na mpole wa ulimi, na wengi tulijiuliza kama kazi hii anaiweza, maana ukaguzi hauhitaji mabega, unahitaji uso mkavu. Alianza asubuhi kwa uzio wa Thrupp. Nadhani alitaka kuanza na mahali rahisi. Mimi nilikwenda kwa sababu nisingeweza kutokwenda.

Dunnock alizunguka taratibu, akipima, akiitikia kwa kichwa. Thrupp alitembea nyuma yake amefunga mikono mgongoni. Kwenye kona ya kaskazini Dunnock akasimama. Akapima. Akapima tena. Masikio yakamwiva.

"Ndugu Thrupp," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa pamepungua."

"Pamepungua nini?"

"Vidole viwili."

"Pima tena."

"Nimepima mara tatu, mzee."

"Hiyo ni ardhi imevimba kwa baridi! Ikikauka itashuka, uzio utakuwa sawa."

"Sheria haisemi ikikauka."

"Unanifundisha sheria, Micah? Nilikuwa napima uzio wewe huna hata ndevu!"

"Ndiyo, mzee," alisema Dunnock, na hakurudi nyuma hata hatua moja. "Lakini ni vidole viwili."

"Una chuki na mimi! Ezra, umeona? Kazi ya kwanza, mtu wa kwanza, anaanza na chuki! Kwa nini hukuanza na Haskett?"

"Kwa Haskett naenda baada ya hapa."

Walibishana mpaka jua likawa utosini. Thrupp alitaja hali ya hewa, ubora wa mbao, urefu wa vidole vya wahunzi, na marehemu baba yake Dunnock. Alitupa kofia chini. Aliiokota akaitupa tena. Nimemfahamu mtu huyu kwa miaka thelathini na moja, nimemwona arusini mwake na kwenye mazishi ya mkewe, na sijawahi kumwona na furaha kama ile. Mwishowe akachukua shoka, akaenda msituni kukata ubao mrefu zaidi, akinung'unika njia nzima kwamba mji huu unawaonea wenye mashamba.

Ndugu Barnabas Thrupp, mji wa Ashcombe unakushukuru kwa ngano iliyofika ghalani, kwa ugomvi wote ulioumaliza kabla haujaanza, na kwa kutuambia ukweli miaka ishirini na sita bila kuupaka molasi. Mimi nakuomba radhi kwa siku tano, na kwa miaka ishirini na saba iliyotoka ndani yake. Tunakuombea mavuno mazuri, magoti yenye nafuu na uzee mrefu karibu na moto wako mwenyewe. Kabichi hupandwa wiki hii. Mercy amekuwekea mbegu.

Na Micah anasema atarudi Jumamosi kuuangalia ule ubao.